Wa Mwisho Kunawa

Juzi nilirudi Dunga, kando ya ziwa, na wajukuu wangu kula samaki. Kijana wa hoteli akaja na birika la maji ya vuguvugu na beseni, akaanza na mimi, mkubwa wa meza. "Maji ndio hii, Mama." Nikarudisha mikono mapajani, nikamwambia aanze na yule mdogo kuliko wote. Wajukuu wakacheka, wakadhani ni uzee. Najua maji ya siku hizi humiminwa na kumwagwa, hakuna anayenawa ya mwenzake. Lakini mikono hainitii, na nikikusimulia utaelewa.

Nilikulia karibu na hapo, kwa nyanya yangu, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Asubuhi harufu ya omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa ilikuwa inakufuata mpaka kitandani. Meli ikipiga honi tulikimbia bandarini kuwaona watalii wenye kofia pana, waliokunywa soda tu na kuyaogopa maji yetu. Tuliwacheka sana. Sisi tulichota ziwani kwa debe, tukamimina mtungini, na ule ubaridi wenye ladha ya udongo sijaupata tena popote.

Kula kwa nyanya kulikuwa na utaratibu. Beseni moja lilizunguka watu wote, mkubwa akianza, maji yakishuka kwa umri hadi kwa mtoto wa mwisho. Wa mwisho wetu alikuwa mdogo wangu wa kike, mchokozi ajabu. Maji yalimfikia yana rangi ya chai na mafuta juu, naye akiyachezea kwa raha zake, akijisifu kwamba ameoshwa na ukoo mzima. Kumtangulia mkubwa kunawa ilikuwa kukosa adabu, na ungeweza kulala njaa kwa sababu hiyo.

Mwaka mmoja habari zilianza kuja na meli. Jirani yetu, aliyefanya kazi humo, alisema ng'ambo ya ziwa watu wanaanza kuharisha asubuhi na jioni wanazikwa. Aliyasema kwa sauti ya chini, akitazama maji. Kisha landrova ya bwana afya ikapita na kipaza sauti: kuna kipindupindu, chemsheni maji. Nyanya akaguna, akauliza ziwa zima litachemshwa kwa kuni za nani. Tukamcheka bwana afya vile tulivyowacheka watalii. Wiki kadhaa zikapita bila neno, na nikikumbuka, kimya kile ndicho kinachonitisha zaidi.

Halafu siku moja jirani alirudi kutoka safari akiwa ameshikwa mabegani na wenzake, na jua lilipotua alikuwa ameshafariki. Bwana afya akaja mwenyewe kwenye matanga, akaamuru mazishi yafanyike upesi.

"Wazee wangu, naomba tu. Mtu asikule hapa."

Nyanya akasimama. "Bwana, huyu amekula kwangu tangu akiwa mtoto. Sasa tumzike kama mbwa, na watu warudi na njaa?"

Landrova ilipoondoka, sufuria za ugali na nyama zikatolewa nyuma ya nyumba. Wageni walikuwa wamekuja hata kutoka mbali kama Awasi. Beseni likaanza kuzunguka. Waliomwosha marehemu walikuwa wazee, kwa hiyo ndio walionawa kwanza. Mimi nilinawa karibu na mwisho. Mdogo wangu akanawa baada yangu, akalamba vidole, akanikonyeza.

Kesho yake alikuwa anaharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele. Macho yalizama, sauti ikabaki kidogo tu. "Dana, nipe maji," alimwambia nyanya, naye akampa yale ya mtungi, kila alipoomba. Baba yetu akamfunga kwa leso kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, wakaenda hospitali, nyanya akiwakimbilia nyuma. Walirudi wao wawili na leso. Hospitali walimzika wenyewe, na kwenye matanga yake hakuna aliyekula chochote. Mimi sikuugua, wala sijui kwa nini.

Nyumba ile ilikaa muda mrefu bila moto wa maana. Siku nyanya alipopika tena, wazee wa boma wakakaa wakisubiri. Akaweka maji safi kwenye beseni, akawapita wote, akapiga magoti mbele yangu, mimi niliyekuwa sasa mtoto wa mwisho.

"Nyathina, mtoto wangu, nawa wewe kwanza."

Akanisogezea beseni hadi maji yakamwagikia miguu yangu. Sijawahi kuona aibu na huzuni kiasi kile. Wazee walitazama chini, wakangoja. Maisha yake yote hakunawa tena kabla ya mtoto.

Meli zile za abiria hazipo, mtungi ulivunjika, na boma letu siku hizi kila mtu hula na sahani yake. Ni salama, nami nashukuru, lakini nalikumbuka lile duara la watu na mkono wa mdogo wangu ukingoja zamu.

Kijana wa hoteli alikuwa bado amesimama na birika. Mjukuu wangu mdogo akanyoosha viganja, akaniangalia kwa mashaka.

"Dana, kwani mimi ndio mkubwa?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Nawa, sisi tunakungoja."