Ng'ombe wa Mtoto, Vilimani Pugu

Kwetu Singida mtoto akizaliwa hupewa ng'ombe wake. Wa binti yangu alikuwa mtamba wa rangi ya majivu, na mama mkwe ndiye aliyemkata sikio la kushoto mapengo mawili, alama ya ukoo wao. Mtoto alikufa kwa homa kabla hajaweza kutembea vizuri. Mtamba akabaki. Mume wangu alipopata kazi ya kuchunga ng'ombe wa nyama Pugu, miaka ile ya Mwingereza, tulisafiri na mtamba wetu kwenye treni ya mifugo. Watu wakanicheka, eti ng'ombe mmoja anapelekwa pwani kufanya nini? Nikawaambia mzigo ni wangu, kwani nimewatwika nyie?

Sikuwaeleza zaidi. Nguo za mtoto zilizikwa naye, na picha wakati ule nani alikuwa nayo? Nilichobaki nacho ni yule ng'ombe, basi.

Tajiri wetu alikuwa na bucha mjini. Alinunua maksai waliokonda kutoka bara, sisi tukawanenepesha vilimani miezi mitatu minne, kisha lori likaja kuwachukua. Kazi yenyewe ilikuwa ya kungoja. Asubuhi unangoja umande ukauke, maana nyasi mbichi zilikuwa zinawavimbisha matumbo. Jua likiwaka unawazuia wasishuke kutafuta kivuli msituni kwenye mbung'o. Ng'ombe hawapandi kilima moja kwa moja, wanakizunguka, na baada ya muda vilima vyote vilijaa vijia vya kwato, kimoja juu ya kingine. Jioni mie niliwatoa kupe. Wetu nilimwanzia masikioni, tena bila haraka. Hakuwahi kushika mimba, alinenepa tu. Jirani yangu Mzaramo akiniona alikuwa anasema, "Shoga, nyie watu wa bara mnawasemesha ng'ombe kuliko waume zenu." Nikamwambia ng'ombe anasikiliza.

Hakukosea sana. Mie na mume wangu tulikuwa hatuzungumzi mengi. Yeye aliniita Mama Mtoto, mie nikamwita Baba Mtoto, kama zamani, na hakuna aliyetaka kulibadilisha hilo. Sikuwa na huzuni ile ya kulia. Nilikuwa nimekufa ganzi. Nilipika, nikafua, nikatoa kupe.

Sasa jambo moja lijulikane. Kwetu ng'ombe hahesabiwi, wala hanyooshewi kidole akiwa hai. Ukimtenga mmoja kundini kwa kidole au kwa neno, umemwitia kifo. Msimamizi wa kwanza wa tajiri alilijua hilo, akatuzoea. Kila alipokuja kuchagua wa kuchinjwa alitazama masikio mwenyewe, akimwona wetu anampita kimya kimya. Halafu akahamishwa, akaja kijana mwingine, mvaa viatu, ana kopo la lami na brashi. Aliyepakwa mgongoni ndiye anayepanda lori.

Alifika asubuhi. Alimsalimu mume wangu vizuri tu, "Shikamoo mzee," siwezi kumsingizia. Akasema, "Nimeambiwa mna ng'ombe wenu humu. Ni yupi?"

"Yumo," mume wangu akajibu.

"Yumo wapi?"

"Yumo humo humo. Utamwona sikio."

"Mzee, masikio yote haya nitayakagua saa ngapi? Lori liko barabarani. Nionyeshe kwa kidole tu, nimwache."

Mume wangu akaweka mikono nyuma. Nilimwona akivishika vidole vyake. Yule kijana akanigeukia mie. "Mama, wewe unamjua?"

Nilimjua! Alikuwa hatua kumi kutoka niliposimama, anatafuna, mnene kuliko maksai wote. Neno moja tu, "huyo," lingetosha. Mume wangu akanitazama, nami nikatazama chini. Nilisema, "Yumo." Mpaka leo nikilikumbuka neno hilo najikasirikia.

"Haya, shauri yenu," kijana akasema. Akaanza kupaka lami walionenepa.

Alipofika kwa wetu nilidhani ataliona sikio. Inzi walikuwa wamemsonga mtamba, akalilaza sikio nyuma. Brashi ikapita mgongoni. Mume wangu akasema polepole, "Wataliona sikio huko mjini." Wakawateremsha barabarani, nami nikaingia ndani kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Lilikuwepo jambo la desturi: kila shehena ikichinjwa, tajiri alituletea kichwa kimoja, ahsante ya wachungaji. Kesho yake alasiri lori likasimama, utingo akashusha gunia. "Leo mmepata kikubwa, kuleni," akasema, akaenda zake.

Mume wangu aliliweka gunia juu ya jiwe la kukatia kuni, akalifungua. Kichwa cha rangi ya majivu. Sikio la kushoto lilikuwa limesimama vizuri, bila inzi, mapengo yote mawili yanaonekana.

Akairudisha mikono nyuma. Ndipo nikauona mkono wake wa kulia ukitoka nyuma. Akanyoosha kidole, akakigusisha pale kwenye sikio.

"Ni huyu," akasema.

"Baba Mtoto," nikamwambia, "sasa ndiyo unamwonyesha."

Kidole nami nilikuwa nacho. Alichimba shimo nyuma ya nyumba, tukakifukia kichwa na gunia lake. Tulipomaliza alinawa mikono, akaniomba maji ya kunywa. Hakuniita Mama Mtoto. Alisema, "Wewe, niletee maji," na tangu siku ile aliniita hivyo.