Rido Kati Yangu na Mama Mkwe

Kabla mama mkwe wangu hajavunjika mkono, nyumba yetu ya Kadutu, hapa mjini, ilikuwa na vita moja tu, vita ya televisheni. Mke wangu alikuwa na king'amuzi na tamthilia zake, zile za wanawake wanaolia wakiwa wamevaa vizuri. Mimi nilikuwa na konsoli kuukuu ya mchezo wa mpira, niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, pamoja na manete zake mbili za waya mrefu. Manete ni kile kidude cha vitufe unachoshika kwa mikono miwili, na ukiniuliza ninapenda nini duniani baada ya familia yangu na sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani, nitakuonyesha hicho. Najua nina kitambi na mvi. Wanaume wa rika langu wana baa, mimi nina manete, na sioni kwa nini watu wananicheka mimi tu.

Umeme ulikuja ulipotaka. Ukirudi jioni, aliyefika kwanza kwenye prizi ya ukutani ndiye aliyekuwa mwenye televisheni. Mke wangu alikuwa karibu zaidi kwa sababu ya jiko, mimi nilikuwa na mbio zaidi, na tuligongana mara nyingi pale kwenye kona ya kabati. Binti yetu wa darasa la pili ndiye aliyekuwa mwamuzi. Alikuwa mwamuzi wa kununuliwa kwa biskuti, na mama yake ndiye aliyeshika ufunguo wa biskuti.

Basi katikati ya kiangazi habari ikafika kutoka kijijini Mudaka kwamba mama mkwe ameanguka akifukuza mbuzi wa jirani katika mihogo yake, na mkono wa kuume umevunjika karibu na kiganja. Alitibiwa mjini, akafungwa plasta, na daktari akasema asirudi kijijini mpaka vidole vifanye kazi tena. Mtoto wake wa kiume anakaa mbali, Kamanyola. Mjini hapa hakuwa na mtu mwingine ila sisi, yaani mimi.

Asiye wa kwetu huenda haoni shida iko wapi. Kwetu Bushi, mwanaume na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake kama kuna njia nyingine yoyote. Familia nyingi za mjini zimeyaacha hayo. Mama mkwe wangu hajaacha kitu chochote tangu abatizwe. Miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa namjua kwa vitenge vyake tu: nikiona kitenge kinapita, nainamisha kichwa.

Alifika na begi, rozari na redio ndogo ya betri iliyokuwa inatangaza vifo kuanzia alfajiri. Wakamketisha katika fotei yangu, kiti changu kikubwa cha mito, mbele ya televisheni yangu, na hivyo nikafukuzwa sebuleni kwangu bila mtu kunifukuza. Nikirudi kutoka dukani, pale ninapouza misumari na rangi, nilipitia mlango wa nyuma kama mwizi. Nilikula chumbani, sahani juu ya magoti, nikisikiliza tamthilia kupitia ukuta.

“Papa, heshima iko kitu ya maana,” mke wangu aliniambia, akipandisha sauti ya televisheni. Sijawahi kuona mwanamke akiipenda desturi kiasi kile.

Plasta ilipotolewa, vidole vya mama vilikuwa vimekakamaa kabisa. Kine, ndivyo tunavyomwita mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimpa kimpira laini cha kuminya asubuhi na jioni. Mama alikigeuza, akakitazama, akampa mjukuu wake. “Mi siko mutoto ya kuchezea mupira,” alisema. Lakini asubuhi, akidhani sote tumeshatoka, alikuwa anakwenda uani na kushika mpini wa ufagio kama mtu anayeshika jembe. Mimi nilikuwa bado chumbani, nafunga viatu. Nilisikia ufagio ukianguka kwenye saruji, kisha kimya, kisha ukianguka tena.

Nilijua anatafuta nini. Ni mjane, na shamba lake la maharagi liko juu kidogo ya barabara, mahali pazuri. Mdogo wa marehemu mume wake alikuwa ameshatamka mbele ya watu, wakitoka misa, kwamba mvua ikianza yeye yuko tayari kulitunza shamba lile, maana shemeji yake amechoka. Hakuna kati yetu aliyehitaji kuelezwa maana ya kutunza. Akilipanda yeye msimu huu, mama hatalipata tena, na mvua haikuwa mbali, na mama hakuweza kushika hata kijiko. Nilimhurumia mpaka nikashindwa kula, mimi ambaye kwa kawaida sishindwi.

Jioni moja mke wangu alikwenda kwenye maombi ya shirika, kikundi cha kanisa cha mtaani. Umeme ukarudi, na binti yetu akawasha konsoli. Akicheza peke yake mashine humfunga, naye hapendi kufungwa, kwa hiyo alitafuta mtu dhaifu zaidi yake. Akaweka manete ya pili juu ya mapaja ya bibi yake, akampangia vidole kimoja kimoja, na kumwambia, “Koko, finya hapa, ile mutu itakimbia.” Mimi nilikuwa kwenye kolido, nyuma ya rido, lile pazia la mlangoni, roho ikiniuma kwa wivu.

Mke wangu aliporudi alisimama mlangoni na kitabu chake cha nyimbo. Kisha akaja mbio chumbani na kunishika shati. “Kidole ya mama inatembea,” akanong'ona. “Kile kikubwa. Anamufukuza mutu mwenye mupira na kidole inatembea!” Akalia. Nami nililia kidogo, sitakataa. Baadaye alijifuta uso, akakaa kitandani, na nikamwona akianza kuelewa jambo hilo linamaanisha nini kwa tamthilia zake.

Kine alipoambiwa alicheka sana, kisha akasema mama aendelee kila siku. Kuanzia hapo mke wangu, aliyekuwa ameiita konsoli yangu sanduku la shetani, ndiye aliyekimbilia prizi ili kumwashia mama yake. Tamthilia yake ikaenda mpaka mwisho bila yeye. Ilimbidi asimuliwe na jirani ambaye alichanganya mapacha wawili, na mpaka leo hajui ni yupi aliyeolewa.

Lakini haikupita muda mama akaanza kumfunga mjukuu wake. Mtoto akatupa manete. “Koko anaiba! Sichezi tena!” Tulimbembeleza, tukampa biskuti, alikula biskuti na kuendelea kukataa. Mama akauliza kama hakuna mtu mwingine katika nyumba hii anayejua mchezo huu. Mke wangu alijua, mtoto alijua, na mimi nyuma ya ukuta nilijua kuliko wote.

Mke wangu hakutaka kubeba jambo hilo peke yake, akampigia simu shangazi wa baba yake huko Mudaka, ambaye ndiye mahakama ya juu ya ukoo katika mambo ya ukwe. Aliweka simu kwenye kipaza sauti ili na mimi nisikie hukumu.

“Banagusana?” shangazi aliuliza.

“Hapana, shangazi.”

“Banakula pamoja?”

“Hapana. Kila mutu anashika yake tu.”

“Banaangaliana?”

“Banaangalia televisheni.”

Shangazi alifikiri. Tulisikia kuku wake. “Basi iko muzuri,” alisema. “Lakini muweke kitu katikati.”

Kitu cha katikati kikawa rido. Nilikaa kwenye kolido juu ya kiti kidogo cha jikoni, magoti karibu na masikio, waya ukipita chini ya kitambaa, na kwa pembeni nikawa na ufa wa kutosha kuona televisheni bila kuona fotei. Binti yetu alikaa chini, mpakani, nusu yake sebuleni na nusu kolidoni. Maneno yote yalipita kwake, ingawa kati yangu na mama mkwe palikuwa na umbali wa mkono mmoja na kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa.

Sijawahi kucheza na mtu wa namna ile. Alichagua timu ya jezi za kijani kwa sababu rangi ilimpendeza. Magoli hayakumsumbua, alichotaka ni kwamba mtu asikanyage upande wake. Wachezaji wake walizunguka mipakani, na mimi nikikaribia tu, alinikata miguu. Kisha huyo huyo aliyenikata alijawa na aibu.

“Ambia mukwe wangu anisamehe,” alisema. “Ule mutoto wangu hakumuona.”

“Papa, koko anasema umusamehe.”

“Mwambie mama hakuna ubaya.”

“Koko, papa anasema iko na kasirani.”

Mchezaji wangu akibaki chini ameshika goti, mama alikataa mchezo uendelee mpaka ahakikishe amesimama. Mwamuzi akimpa kadi, alimsema kwa Mashi, lugha yetu ya Bushi, maneno ambayo binti yetu alikatazwa kuyatafsiri na ambayo kesho yake aliyatumia shuleni. Na mimi nilifunga magoli yangu nikiwa nimeinamisha kichwa. Jaribuni siku moja kushangilia goli kwa heshima.

Mawingu ya kwanza yalipoanza kukaa juu ya milima, redio ya mama ikaacha kusikilizwa kwa ajili ya vifo, ikasikilizwa kwa ajili ya mvua. Ufagio uliendelea kuanguka uani, ingawa sasa ulichelewa kidogo kabla ya kuanguka. Jioni moja nilisikia sauti yake imenyong'onyea mno, nikaamua kumfurahisha. Nikaacha mpira upite. Kipa wangu akatoka bila sababu, beki wangu akaenda kutembea, na mama akanifunga magoli matatu mfululizo. Nilingoja vigelegele. Manete ikawekwa chini taratibu.

“Ambia mukwe wangu,” alisema, bila kupandisha sauti, “mukono yangu njo iligonjwa. Macho iko muzima.”

Safari hiyo binti yetu hakutafsiri. Masikio yaliniwaka moto. Nilisema, “Mwambie mama nimesikia,” na tukaanza upya, nikamfunga sita, akashukuru Mungu na kuomba tucheze tena. Kuanzia hapo sikumhurumia. Nilicheza mpaka nikatoka jasho, naye akanikaba kwa nguvu iliyozidi kila juma, mpaka siku ile alipominya kitufe cha kupigia shuti kikaingia ndani na kukataa kutoka. Nilijaribu kukitoa kwa kisu, kwa pini ya nywele, kwa maombi. Manete yangu! Na papo hapo moyo ulikuwa unanidunda kwa furaha, kwa sababu kidole kilichoua kitufe kile ndicho kilichokuwa kimekufa wakati wa kiangazi.

“Unalia juu ya kidude?” mke wangu alifoka kutoka jikoni.

Kesho yake asubuhi nilichelewa kufunga viatu makusudi. Nilisikiliza. Ufagio haukuanguka.

Mvua ilinyesha, kine akamruhusu mama arudi nyumbani na kumwonya afanye kazi nyepesi tu, naye akaitikia kama mtu anayeitikia tangazo la redio. Jumamosi ya kupanda tulikwenda Mudaka wote watatu, kwa sababu mke wangu aliogopa mama asimalize kwa mkono mmoja na nusu. Mdogo wa marehemu alikuwa ameshafika. Alisimama pembeni mwa shamba, koti begani, na jembe jipya kabisa lililoegemea mguu wake. Alitusalimia vizuri sana. Akasema amekuja kuona kama shemeji anahitaji msaada.

Mama alifunga kitenge, akashika mpini kwa mikono miwili, akaanza. Mapigo ya kwanza yalikuwa mafupi. Nilipaswa kuinamisha macho, desturi ni desturi, lakini nilivitazama vidole vile waziwazi, kimoja kimoja, na hakuna kilichoachia. Alikwenda mbele, akitupa mbegu na kufukia, mke wangu akifuata mstari wake. Mimi nilipewa mstari wa pembeni. Nililima kwa bidii, na kila nilipogeuka kujipongeza niliona mstari wangu umeinama kuelekea barabarani, na maharagi ambayo mama alikuwa ameshayafukia yamelala juu ya udongo yakinitazama.

Jembe la mama likasimama. Binti yetu alikuwa amekwenda kwa binamu zake. Hapakuwa na wa kutumwa. Hapakuwa na rido. Mama mkwe wangu alijinyoosha, akanigeukia, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, na kusema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani:

“Mukwe! Toka mu shamba yangu!”

Mke wangu aliketi chini kwenye matuta kwa kicheko. Mimi nilitoka. Nilitoka haraka, jembe begani, na sijawahi kufukuzwa mahali nikafurahi namna ile. Machozi yalinitoka na niliyaacha yatoke. Nilikwenda kusimama pembeni, karibu na mdogo wa marehemu, wote wawili tukamtazama mama akirudia mstari wangu tangu mwanzo, jembe likipanda na kushuka. Kisha yule bwana akachukua jembe lake jipya, akaniuliza kama barabara ya Kavumu ina utelezi, akaenda zake.