Atuganile Nyuma ya Ukuta wa Mianzi

Mke wangu Atuganile hakuwahi kuonana na baba yangu uso kwa uso. Hawakugombana. Sisi Wanyakyusa ndivyo tulivyokuwa: mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani. Baba akitokea njiani, Atuganile anaingia migombani, anajifunika kitambaa, anageuza mgongo mpaka mzee apite. Jina la baba, Isakwisa, halitamki. Na kwa kuwa kwetu neno la kumwita mtu aje liko karibu na jina hilo, neno hilo nalo akaliacha. Watoto wetu aliwaita kwa makofi. Mawili ya haraka, kisha moja kubwa. Kijiji kizima kiliyajua makofi yake.

Wamoravi, wamisionari wetu, walisema desturi hiyo si lazima kwa Mkristo. Wengine wakaiacha. Yeye hakuiacha. Alisema, "Mzee amepoteza mengi. Hili tumwachie."

Nimemzika Atuganile mwaka huu, mvua zilipoanza. Makaburini watu walisema mengi mazuri. Jambo moja hawakulisema, maana waliolijua karibu wote wametangulia. Basi naliandika mimi. Shule sikwenda. Herufi alinifundisha yeye, kwa mkaa, kwenye sakafu ya jikoni.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na tano. Tulikaa upande wa Rungwe, mahali ambapo mtu akitoka alfajiri anafika Mbeya jua likizama. Bei ya kahawa ilianguka. Hazina ya Wenyeji, ile ya chifu, ndiyo iliyolipa matengenezo ya barabara, karani, na mwalimu wa shule yetu. Ikapungukiwa. Baraza likaamua shule ifunguliwe siku tatu tu kwa wiki, na mwalimu alipwe nusu.

Mwalimu wetu aliitwa Didas Kalinga, Mhehe wa Iringa. Alivumilia kidogo. Kisha akafunga sanduku lake, akapanda lori la kahawa na mkewe, akarudi kwao Mlandege. Hata zile siku tatu zikaisha. Mlango wa shule ukatiwa mnyororo. Mbuzi wakafanya kibaraza chake malazi yao.

Binti yetu Lusia alikuwa darasa la nne. Mwisho wa mwaka kulikuwa na mtihani. Anayeshinda anakwenda shule ya kati. Asiyeshinda anarudi nyumbani, na nafasi ya pili hakuna. Kila asubuhi Lusia alioga, akavaa gauni la shule, akakaa mlangoni. Mama yake hakumwambia alivue.

Hazina ilikuwa na akiba. Kila mtu alijua. Iliwekwa kwa ajili ya njaa. Ufunguo haukuwa kwa baba yangu, ulikuwa bomani, lakini katika baraza hakuna mzee aliyethubutu kuigusa akiba ile kabla Isakwisa hajakubali. Dada zangu wawili walikufa katika njaa iliyofuata vita ya Wajerumani. Mimi sikuwaona. Baba alikuwa akisema, "Njaa haipigi hodi," kisha ananyamaza, na hapo mazungumzo yamekwisha.

Siku ya baraza nikaenda. Nyumba ya baraza ilijengwa kwa mianzi, kama nyumba zetu zote wakati ule, mianzi iliyosimamishwa karibu karibu, upepo unapita na sauti inapita. Wanawake hawakuingia. Wazee walikaa mbele, sisi wengine nyuma. Mmoja akasema shule ifunguliwe. Mwingine akasema ndiyo, lakini fedha itoke wapi. Wote wakamtazama baba.

"Akiba ni ya njaa," baba akasema.

Nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikasema, "Baba, shule." Maneno mengine hayakuja.

Mzee Saulo, jirani yetu, hakuweza kumwacha mtu bila kumtania. Akasema, "Fanueli amemaliza hotuba. Kaa, mwanangu, upumzike. Mpeni maji."

Walicheka mpaka baba naye akafuta macho. Nikakaa.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya ukuta. Niliitambua kabla ya neno la kwanza kwisha.

"Naongea na mianzi," ikasema. "Siongei na mtu. Mianzi, nisikilize."

Vichwa vikageuka.

"Mwaka ule wa nzige, mzee mmoja alifungua kihenge chake, akagawa. Hakungoja mtoto wa Saulo afe. Aliona miguu ya mtoto imeanza kuvimba, akafungua siku ileile. Sasa nakuuliza, mianzi. Hawa watoto wa shule, miguu yao unaionaje? Wangu ameanza kusahau kugawanya. Mwenzake amepelekwa kuchuma chai. Mwaka huu siku zao bado zinarudishika. Mwakani mtawarudishia nini?"

Mzee mmoja akasema kwa hasira, "Huyu ni mke wa nani?"

Wote walijua. Mimi nilitazama miguu yangu.

Saulo akasema polepole, "Leo mianzi imepata kinywa. Wala haisemi uongo. Mtoto mwenyewe yuko huko nje na ndevu zake, anakula miwa yangu."

Safari hii walicheka kidogo. Baba hakucheka. Alikuwa amegeuka, mgongo wake kwenye ukuta ule, kama desturi inavyotaka. Akaitazama fimbo yake. Kisha akamwambia Saulo, lakini kwa sauti ya kusikika mbali, "Saulo. Akiba ikitoka leo, na njaa ikaja kesho?"

Ukuta ukajibu, "Mianzi, waambie kwamba wanawake wameshapima shamba nyuma ya shule. Tutalima ulezi. Ulezi haubunguliwi, unakaa miaka. Tutajaza kihenge cha baraza, na kila mavuno tutaongeza, mpaka hazina ipone."

"Nani atalima?" baba akamwuliza Saulo.

"Mianzi, waambie tumeshaanza."

Ilikuwa kweli. Siku zile nilikuwa naona jembe lake lina udongo mwekundu, na shamba letu lina udongo mweusi. Sikuuliza.

Baba akaizungusha fimbo yake mkononi. Nje kuku alitaga, akapiga kelele, akanyamaza. Fimbo bado inazunguka. Mwisho akasema, "Itolewe. Lakini siku zilizopotea zifundishwe zote. Jumamosi, na likizo pia. Na mwalimu asipofika kabla ya mwezi huu kwisha, fedha irudi ilikotoka."

Akasimama, akatoka kwa mlango wa upande mwingine, akikohoa kwa nguvu ili aliyeko nje ajue amepita wapi.

Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya huko bomani, akakubali. Upande huo ukawa mwepesi. Mzito ulikuwa wa nyumbani. Mwanamke aliyesema mbele ya baba mkwe, hata nyuma ya ukuta, mzee anaweza kumrudisha kwao, na hakuna wa kumlaumu. Tulingoja neno la baba. Halikuja. Alipita kwenye njia ya juu, si ya kwetu. Salamu hakuleta.

"Mama Lusia," nikamwambia, "umefanya nini?"

"Nimeongea na ukuta, Baba Lusia. Ukuta umejibu. Nguo zako za safari hizo hapo. Kesho uende Iringa."

"Na mzee akikurudisha?"

Alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua macho. "Basi nitarudi kwetu, na Lusia atakuwa shuleni."

Nilitembea mpaka Mbeya, nikapanda basi. Njia ilikuwa vumbi, na baada ya Makambako baridi ikaingia mifupani. Iringa sikuwa naijua. Niliuliza Mlandege, nikauliza Kalinga, nikaonyeshwa duka la mazao. Mwalimu alikuwa anapima mahindi, unga mweupe mpaka kwenye nyusi.

"Fanueli!" akasema. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Shule imefunguka. Rudi."

Akanipeleka nyumbani kwake. Mkewe, Benedicta, akatuletea chakula. "Kamwene," akasema, ndiyo salamu yao, kisha akaanza. "Ninyi watu wa ndizi, safari hii mtampa siku ngapi? Mbili? Moja? Au atafundisha mchana na kuiba usiku?"

"Wiki nzima," nikasema. "Na Jumamosi. Mshahara wote."

Mwalimu akatikisa kichwa. "Hapa nina kazi. Na baba yako namjua. Akiba yake hatoi. Mtaniita, nitafika, atabadili nia."

"Ametoa."

"Nani aliyemwambia akakubali? Chifu?"

"Mke wangu."

Akaacha kula. Alikuwa amekaa kwetu muda mrefu. Alishamwona Atuganile akiruka mtaro na mtungi kichwani ili asikutane na baba.

"Mbele yake?"

"Nyuma ya mianzi."

"Na mzee amesema nini juu ya hilo?"

"Bado hajasema."

Mwalimu Didas alitazama mikono yake yenye unga. Nilichotumwa nimekisema, na kingine sikuwa nacho. Benedicta ndiye aliyesema, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo. "Baba, mwanamke mwenzangu ameiweka nyumba yake hatarini, na wewe unapima mahindi?" Akaenda kulivuta sanduku kutoka chini ya kitanda.

Tulifika mwezi ukiwa bado haujaisha. Jumatatu mnyororo ukatolewa. Mbuzi walikataa kuondoka, ikabidi wafukuzwe kwa fimbo. Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito, mtu haoni mgomba wa pili. Watoto wengine walikuwa wameshazoea kukaa nyumbani, wengine hawakuamini. Kengele ya shule ilikuwa imeibwa.

Atuganile alisimama nyuma ya shule, kwenye shamba la ulezi. Akapiga makofi. Mawili ya haraka, kisha moja kubwa. Watoto wakaanza kutokea kwenye ukungu, mmoja mmoja, kama anavyowaita wa kwake.

Mimi nilikuwa mbele, na Mzee Saulo. Ndipo nikamwona baba anakuja, na kigoda chake mkononi. Nilidhani amekuja kulisema lile neno la kumrudisha kwao. Hakunisalimu. Aliweka kigoda mbele ya mlango, akaupa ukuta mgongo, akakaa. Shule nzima ikawa katikati yake na mke wangu.

Makofi yakapigwa tena.

"Saulo," baba akasema. "Nani anapiga makofi huko?"

Saulo akanitazama, akamtazama baba. "Ni mianzi, Isakwisa."

Watoto wakampita baba, wakiinama kumsalimu. Lusia akapita na gauni lake. Baba akamshika bega kidogo, akamwachia.

"Basi iambie mianzi ipige kwa nguvu," akasema. "Wa kule bondeni hawasikii."

Neno lingine juu ya jambo lile hakulisema mpaka alipokufa. Atuganile hakurudishwa kwao, na hakuacha kuingia migombani mzee akipita. Lusia alifundishwa Jumamosi na likizo, akashinda, akaenda shule ya kati. Ulezi ulijaa kihenge. Mwalimu Didas alikaa nasi mpaka akaota mvi.

Sasa shule ni ya matofali, ina kengele ya chuma. Ikilia asubuhi bado nageuza kichwa upande wa jikoni. Juzi Lusia, mwalimu mwenyewe sasa, alikuja kunitazama. Watoto wake walikuwa wanacheza mbali, bondeni, na chakula kilikuwa tayari. Hakuwaita kwa majina. Alisimama mlangoni, akapiga mawili ya haraka, kisha moja kubwa.

Wakaja mbio. Nami nilikuwa nimeshasimama.