Niliporudisha Kibao cha Kimya

Wiki yangu ya kwanza katika maktaba ile nilishusha ukutani kibao kilichoandikwa KIMYA TAFADHALI, nikakisukuma nyuma ya kabati. Nilikuwa nimetoka Shinyanga mjini, Kambarage, nimejaa maneno. Niliamini kwamba maktaba isiyo na mazungumzo ni stoo ya karatasi tu. Nilisema hivyo mbele ya diwani siku alipokuja kututembelea, na alipocheka nikadhani amekubaliana nami.

Maktaba yenyewe ni chumba kimoja kirefu, katika kijiji cha wachimbaji mbele kidogo ya Buseresere. Nyuma yetu makarasha yanasaga mawe mchana kutwa, kwa hiyo kimya halisi hakijawahi kuwepo. Wazee huja kusoma magazeti ya juzi na kubishana. Wanafunzi huja kukimbia kazi za nyumbani. Jumamosi jioni nilianzisha mjadala: nachagua kitabu, nasoma kurasa kadhaa kwa sauti, halafu tunazungumza. Tulizungumzia ardhi, mirathi, kura, mahari, na kwa nini mtoto wa kike ndiye anayeachishwa shule mvua zikigoma. Wapo walioniita mwanaharakati, kwa kejeli, nami nililipokea jina hilo kama cheo. Ukweli ni kwamba nilipenda kusikilizwa. Naona haya kuliandika, lakini bila hilo mengine hayaeleweki.

Mmoja wa waliokuja kila Jumamosi alikuwa mama lishe, mwanamke mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, anayelea watoto wake peke yake. Kibanda chake cha chakula kiko karibu na maduara, ndiyo mashimo ya dhahabu. Kijijini anaitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, ambalo sitaliandika. Alikuja akinukia vitunguu, akakaa mbele kabisa, akauliza maswali bila kuzunguka. Siku moja tulipokuwa kwenye habari za mila aliniuliza, "Dada, sasa kitu kikiwa ni mila na kinaniumiza, nakikataaje?" Nikamjibu kwamba mila zimewekwa na watu, na watu wanaweza kukaa wakazibadili, mwenye sababu asimame aseme. Watu wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani kichwa kimenivimba.

Kisha ukatokea msiba. Alifariki mama mzazi wa mzee mmoja mkubwa wa wanzengo. Wanzengo ni majirani waliofungamana kuzikana na kusaidiana, na ukiishi vijijini kwetu bila wao, siku ukifiwa utachimba kaburi mwenyewe. Sheria yao haina utata: kukiwa na msiba wanaume wanachimba, wanawake wanaleta maji na kuni, na biashara zote zinafungwa mpaka watu warudi kutoka makaburini. Mama lishe alileta maji. Alileta kuni, akaleta na unga. Lakini kibanda hakukifunga. Kulikuwa na wachimbaji waliokesha shimoni, wakatoka mchana na njaa, na chakula chake kilikuwa tayari. Akawapakulia.

Siku chache baadaye aliitwa kwenye kikao. Mimi nami nilikwenda, kwa kuwa kikao kilikuwa cha wazi na mimi huwa sikosi mahali penye mazungumzo. Nilikaa nyuma. Mwenyekiti wa wanzengo akamuuliza kama ana la kusema. Nilidhani ataomba msamaha, watu wamtanie kidogo, yaishe. Yeye akasimama, akajifunga kanga vizuri, akasema hakumdharau marehemu, ila waliotoka shimoni nao ni watu, na mila zimewekwa na watu, na watu wanaweza kukaa wakazibadili. Yalikuwa maneno yangu yaleyale, hakupunguza hata moja. Kisha akaongeza, "Hata dada wa maktaba alitwambia, mwenye sababu asimame aseme."

Watu wakageuka kuniangalia. Sentensi moja ingetosha: ndiyo, nilisema, na bado nasema. Badala yake nikafungua mkoba nikaanza kutafuta kitu ambacho hakikuwemo. Nilitafuta, nikapekua, nikatoa leso nikairudisha, mpaka wakachoka kuniangalia.

Hukumu ikawa kutengwa. Asisalimiwe, akisalimia asiitikiwe, asipewe moto, asiteke maji pamoja na wengine, mtu asile kwake, mpaka atakapoomba msamaha na kuleta mbuzi. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mgeni kama mimi, aliuliza kama na sisi watumishi tunahusika. Mwenyekiti akacheka. "Ninyi hamumo," akasema. "Ninyi ni watu wa kuhama. Fanyeni mnavyoona." Nilimsikia vizuri sana.

Jumatatu nilikwenda nyuma ya kabati, nikakitoa kile kibao, nikakipangusa vumbi, nikakirudisha ukutani. Wanafunzi walipouliza, niliwaambia mitihani imekaribia, na mjadala wa Jumamosi utasubiri. Nilijua mama lishe atakuja, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Nilijua pia kwamba akinisalimia nikamwitikia, wazee wa magazeti watahama, wazazi watawakataza watoto wao, na Jumamosi nitabaki mimi na viti vyangu. Basi nikaona afadhali tunyamaze wote.

Akaja Jumanne. Alisimama kidogo mlangoni, akakiona kibao, akaona watu wameinamia meza, akaenda kukaa dirishani. Nikampelekea kitabu, nikakiweka mbele yake bila neno, naye akatikisa kichwa kushukuru. Nilijiona nimefanya jambo kubwa! Kwingine kote, niliwaza, kimya hiki ni adhabu, lakini hapa kimya ni cha wote. Hapa yuko sawa na watu. Ndivyo nilivyojidanganya, na nilidanganyika vizuri kabisa.

Akawa anakuja kila siku, maana kibandani kwake hakukuwa na mteja. Wachimbaji nao walikuwa wameambiwa kwamba atakayekula pale atafute kijiji kingine cha kulala. Asubuhi nilimwekea kitabu mahali pake kabla hajafika. Nilimfungulia dirisha apate hewa. Nikaandika habari zake kwenye kundi la WhatsApp la sisi wakutubi, kwamba ninaye msomaji mmoja, mama lishe, anayekaa na kitabu kutwa nzima, na kwamba maktaba ni kimbilio la waliokataliwa. Sikueleza alikataliwa kwa sababu gani, wala siku anakataliwa mimi nilikuwa napekua mkoba. Wenzangu wakanipongeza. Mmoja aliandika kwamba ninawatia moyo, na ujumbe ule niliufungua tena na tena.

Halafu siku moja, mchana, wazee wakiwa kwenye magazeti yao, aliinuka dirishani akaja mpaka mezani kwangu. Alisimama karibu, nikaona jinsi midomo yake ilivyokauka. Akafungua kinywa. Kabla hajatoa neno niliinua kidole nikamwonyesha kibao. Na nilitabasamu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilitabasamu, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo dogo. Akafunga kinywa, akarudi dirishani, akafunua ukurasa. Mzee mmoja aliinua macho kutoka kwenye gazeti, akaniangalia mimi, si yeye, kisha akaendelea kusoma.

Haukupita muda akaomba msamaha, mbuzi akaletwa, watu wakakusanyika. Nilikwenda nikitegemea kuona nyuso zilizonuna. Kumbe! Wanawake walimpokea kwa vigelegele, wakamtua ndoo kichwani, wakamsalimia mmoja mmoja kana kwamba ametoka safari ya mbali. "Mwadila mayu!" "Mwadila!" Sauti yake ilikuwa imekwaruza. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyempakulia nyama. Na mimi nilikula mbuzi yule. Nilipewa kiti na sahani yangu peke yangu, kwa heshima ya utumishi, nikala nikamaliza. Kichwani nilikuwa na hotuba nzima ya kuwasema watu wale na ukatili wao, lakini wao walikuwa wamekwisha kumrudisha kwao, na mimi hata salamu sikujua nianzie wapi. Nilisubiri watu wapungue karibu yake. Hawakupungua, nikaondoka.

Baada ya hapo hakurudi maktaba. Jumamosi, mjadala uliporudi, kiti chake cha mbele kilikaa kitupu, na mjadala wenyewe ukawa umedorora, maana nami nilikuwa nachagua vitabu visivyo na ubishi. Nilijitia hamnazo kwa muda, lakini sikuweza. Ikabidi niende kibandani kwake, saa ambayo wachimbaji wamekwisha kula. Nilimkuta anasugua sufuria.

"Shikamoo dada!" akasema, kwa uchangamfu wake wa siku zote.

Nikaitikia. Akanikaribisha, akaniletea maji ya kunawa, akaniwekea ugali na dagaa, akakaa mbele yangu kwenye benchi. Sikujua pa kuanzia, kwa hiyo nikaanza na upuuzi: nikamwambia vitabu vinamngoja.

Akacheka. "Dada, vile vitabu sikuvisoma. Macho yalikuwa hayashiki. Nilikuwa nafunua ukurasa ukiniangalia, usije ukaona nakaa bure ukanitoa."

Nikalirudisha tonge sahanini. Nikakumbuka yote niliyowaandikia wenzangu juu ya msomaji wangu, nikatamani simu ingeharibika yenyewe mkobani. Nikamuuliza siku ile alipokuja mezani alitaka kuniambia nini. Niliuliza kwa woga, lakini pia kwa hila, kwa sababu nilitumaini atataja jambo zito: kwamba alitaka nimwombee kwa mwenyekiti, au nimwendee kwa diwani, kitu chochote ambacho ningeweza kusema kilinizidi uwezo.

"Hata sikutaka kitu," akasema. "Nilitaka kukuamkia tu. Nyumbani niko na watoto, nje hakuna anayenijibu, nikawa naona sauti yangu inapotea. Nikasema, hawa wengine wamekatazwa. Lakini dada yeye hakukatazwa, mwenyekiti mwenyewe alimtoa. Dada ataitikia."

Alisema bila kinyongo, kisha akainuka kuniongezea mchuzi. Mimi niliyemwambia asimame aseme, nilimnyima marahaba.