Kikombe cha Mama Dirishani

Kaka yangu Isaya aliponiambia nifungue kamera, laiti ningalikataa. Nilikuwa na miaka minane. Katika Kangemi ya enzi zetu mahindi yalifika hadi mlangoni, nasi tulicheza humo mpaka harufu ya kunde ituite nyumbani.

Mama alikuwa ametoka kuzikwa, na hakuwahi kupigwa picha hata moja. Kwa desturi yetu vitu vya marehemu hugawiwa jamaa, na shangazi zangu walikuwa njiani. Baba, fundi seremala, akaazima kamera ya jirani ili abaki angalau na picha za vitu hivyo. Alivipanga mezani kando ya dirisha: kikombe, kitambaa cha kichwa, mwiko. Upande wa kivuli akatundika shuka jeupe lirudishe mwanga. Kamera akaiweka juu ya matofali mawili isitikisike, akasubiri wingu lipite, akatuambia tusipumue, akabonyeza. "Kikombe hakina haraka," aliniambia. "Mwenye haraka ni wewe."

Alipotoka kuwapokea wageni, Isaya alininong'oneza, "Fungua tuone kama Mama ameingia."

Nikafungua. Mama hakuwamo, ila utepe wa filamu, tukauvuta wote hadi mwisho tukiuangalia kwenye jua, bila kujua kuwa mwanga huunguza picha. Baba alipotukuta, shangazi walikuwa wameshaondoka na vitu. Hakutuchapa. Aliketi sakafuni, mtu mzima yule.

Juzi nilimtembelea mjukuu wangu Mercy huko Kileleshwa, anakouza vyombo kwa simu. Vijana hawa hukipiga kikombe kimoja picha arobaini, na chenyewe hakijaonja chai. Niliganda mlangoni. Kikombe kilikuwa kando ya dirisha, karatasi nyeupe upande wa kivuli, simu imeegemezwa juu ya vitabu viwili. Baba yangu alikufa kabla Mercy hajazaliwa, na mimi sijawahi kumsimulia mtu mambo haya.

"Kuka," alisema, yaani babu kwa lugha yetu, "songa kidogo, unaniziba mwanga." Akabonyeza. Picha ikatoka na giza. Nilishtuka. Yeye akacheka. "Si nafuta tu, narudia."

Sisi hatukuwa na kurudia. Kwa kuifungua kamera ile niliharibu picha pekee ambazo zingebaki za vitu vya mama yangu, na leo sikumbuki hata kikombe chake kilikuwa cha rangi gani.