Kichwa cha Nduma

Mama amekataa uji, amekataa supu. Juzi akaniambia anataka nduma, na si za sokoni, ila zile za nyanya yangu, za bustani ya umma kule mtoni. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba mafuriko yalipita huko. Nikavaa gambuti nikateremka, ingawa nilijua fika ninakwenda kukodolea macho matope.

Na matope ndiyo niliyoyakuta. Hata wewe, rafiki yangu, uliyekulia nasi pale, usingepatambua. Nyasi tulizobingirikia Jumapili baada ya kanisa zimefunikwa, benchi zimeng'oka, na mto umejichimbia njia katikati ya bembea. Nilizunguka huku na huku kama mtu aliyeangusha funguo.

Pale chini palikuwa na kinamasi, na ndipo nyanya alipopanda nduma zake bila kumwomba mtu ruhusa. Mlinzi wa bustani alifoka wiki ya kwanza. Wiki iliyofuata alikuwa jikoni kwetu, anamenya nduma ya moto kwa vidole, chai ya maziwa pembeni, na hakufoka tena. Mtaa mzima ulichimba pale, sisi wa Ukambani na majirani wa kutoka magharibi. Sheria ya nyanya ilikuwa moja: kata kichwa chenye majani, kirudishe matopeni kabla hujaondoka. "Ukila bila kurudisha, umekula na ya kesho," alituambia. Nasi watoto tulirudisha mbiombio, mikono ikituwasha kwa utomvu.

Jirani wetu wa zamani, yule mshonaji, nilimkuta mlangoni akisuuza blanketi.

"Unatafuta nini huko, baba? Maji ilibeba kila kitu."

Nilipomweleza habari za mama, aliingia ndani akatoka na nduma moja, majani bado juu yake. "Hii nilipata imekwama kwa fensi. Pelekea mama. Mwambie pole."

Leo asubuhi niliichemsha mwenyewe. Mama alikula nusu, polepole, na mimi nusura nilie kwa furaha. Kisha akaniangalia.

"Kichwa umerudisha?"

"Bado, mama."

Akasukuma sahani. "Basi rudisha kwanza. Hii ingine itangoja."

Nilijaribu kumbembeleza. Mtu anayembembeleza binti wa nyanya yangu anapoteza wakati wake.

Ndiyo maana niko hapa ukingoni tena, jua linazama. Kila ninapokichomeka, ukingo unamong'onyoka na kichwa nakidaka kikielekea majini. Benchi zitaletwa nyingine, hilo halinisumbui. Kinachoniuma ni ule udongo mweusi uliopokea chochote ulichoupa, ukakitunza hadi urudi. Sahani ya mama nimeifunika mezani. Nasogea hatua chache, nakita kidole, najaribu tena.