Kikaratasi Kilichoishia na "Lakini"

Wasomaji waliomjua Mama Gundi kwa sura walihesabika, na hata hao wengi walidhani ni mfanyakazi wa usafi. Chumba chake kilikuwa nyuma kabisa ya maktaba, upite vyoo, upite stoo ya mafagio, ufikie mlango usio na kibao. Humo alikuwa na meza ndefu, shinikizo la chuma la kubania vitabu, sindano nene, nyuzi, marobota ya kitambaa cha bluu na sufuria ya gundi iliyompa jina. Gundi aliipika mwenyewe kwa unga wa ngano, akiikoroga taratibu kama anamkorogea mtoto uji. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akishona vitabu vilivyochanika, na alivishona vizuri mno, jambo ambalo ndilo lililomponza. Kitabu kikichanika kila mtu anaona. Kikipona, nani anajua kwamba kiliugua?

Maktaba hiyo ilikuwa na desturi yake. Kila mwaka, juma la mwisho kabla ya kufunga kwa likizo, sanduku la mbao liliwekwa kaunta pamoja na vikaratasi vyeupe vigumu. Msomaji yeyote aliandika shukrani kwa yeyote amtakaye, awe hai au marehemu, awe wa maktaba au wa nyumbani kwake. Jumamosi saa nne asubuhi watu walikusanyika ukumbini, na vikaratasi vikasomwa kwa sauti, kimoja kimoja. Mtu alimshukuru jirani kwa kumwekea kiti karibu na dirisha. Wanafunzi walimshukuru dada wa kaunta kwa kujifanya haoni wanaposinzia. Mlinzi wa mlangoni alipata visivyopungua kumi kila mwaka, na juma zima lililofuata hakukuwa na wa kusema naye kwa maringo.

Mama Gundi alikaa safu ya nyuma, mikono mapajani, akipiga makofi pale wengine walipopiga. Miaka thelathini na moja, hakupata hata kimoja. Ukimuuliza alikuwa anasema hana habari na mambo hayo. Alikuwa anadanganya. Habari alikuwa nazo, tena nyingi.

Mwaka uliopita paa la ukumbi lilivuja usiku wa kuamkia Jumamosi yenyewe. Viti vililowa, sakafu ikawa bwawa, na mkutano ukaahirishwa. Sanduku likapelekwa chumba cha Mama Gundi kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa kikavu. Alimuuliza mkuu wa maktaba mara mbili vikaratasi vitasomwa lini, akajibiwa kwamba siku itapangwa. Kisha mkuu huyo akahamishwa, na siku haikupangwa.

Miezi mitatu baadaye karatasi ngumu zilimwishia. Mgongo wa kitabu, kabla haujafunikwa kitambaa, hubandikwa kwanza ukanda wa karatasi ngumu ili usilegee. Aliomba karatasi ofisini, akaambiwa asubiri. Alisubiri majuma mawili, vitabu vikimrundikia hadi dirishani. Mwishowe akalitazama lile sanduku. Vikaratasi vilikuwa vigumu, vyeupe, na urefu wake ulikuwa kama vimepimiwa mgongo wa kitabu. Akachukua mkasi. Baada ya miezi miwili sanduku lilikuwa tupu, na maktaba ilikuwa na vitabu hamsini na viwili vyenye migongo imara.

Jumatatu ya juma la shukrani mwaka huu, mkuu mpya, dada mmoja mwenye haraka na kicheko cha karibu, aligonga mlango wake. Nyuma yake alisimama mzee mwembamba, kofia mkononi.

"Mama, samahani," mkuu alisema. "Mzee huyu alikuwa fundi saa pale barabara ya soko. Anatafuta vile vikaratasi vya mwaka jana. Nimeambiwa sanduku lilikuja kwako."

"Shikamoo, mzee," Mama Gundi aliamkia, akiweka sindano chini.

"Marahaba, binti yangu." Yeye binti mwenyewe alikuwa na wajukuu watano. "Sina maneno mengi. Mke wangu aliniandikia shukrani mwaka jana. Aliniambia, 'Subiri Jumamosi, utaisikia mbele za watu.' Paa likavuja. Nikamwomba aniambie tu nyumbani, akakataa, akasema itasomwa, nisiwe na pupa. Mwezi uliofuata akatangulia. Nimekaa mwaka mzima najiuliza alisema nini. Leo nimepiga moyo konde nikaja."

Mama Gundi alilitazama sanduku tupu pale juu ya kabati. Angeweza kusema maji yaliviharibu. Paa lilivuja kweli, nani angebisha? Uongo ulimfika hadi kwenye ulimi, akaumeza kwa shida.

"Vipo, mzee," alisema. "Lakini nimevikata. Nimevibandika ndani ya migongo ya vitabu."

Mzee alikuwa kama hajaelewa, kisha akaelewa, akakalia kiti bila kukaribishwa.

"Vitabu vingapi?" mkuu aliuliza.

"Hamsini na viwili. Vyote nimeviandika kwenye daftari langu. Gundi yangu ni ya unga, ukiilowesha inaachia. Naweza kuvifungua."

"Vitabu hamsini na viwili vizima, tuvibomoe?"

"Vilikuwa vibovu, nikavishona. Nitavishona tena."

Mkuu alimtazama mzee, aliyekuwa akiizungusha kofia yake kama anatafuta mwanzo wake. "Bomoa," alisema. Kisha, kwa kuwa alikuwa mkuu, akaongeza kwamba Jumamosi si mbali.

Siku hiyo hiyo Mama Gundi alianza. Alipitisha kisu chini ya kitambaa cha bluu, akaulowesha mgongo kwa tambara la maji ya vuguvugu, akasubiri, kisha akaubandua ukanda kwa koleo ndogo, pole pole. Shukrani za watu zilianza kumtokea mikononi moja baada ya nyingine, nyingine zimekatwa ukingo na mkasi wake: asante daktari, asante mjomba kwa baiskeli, asante mlinzi, asante mlinzi, asante mlinzi. Kila kimoja alikiweka dirishani kikauke. Alijiona kama mtu anayesoma barua za wenyewe mbele ya wenyewe.

Mzee alimwambia namna ya kumtambua mkewe. Macho ya mama huyo yalikuwa yamegoma miaka minne kabla hajafa, akawa anaandika kwa penseli nene, herufi kubwa kama kidole gumba. Jumanne mchana, kwenye mgongo wa kitabu kinene cha kilimo cha mboga, herufi hizo zilijitokeza:

NAMSHUKURU MUME WANGU KWA KUNISOMEA KILA JIONI TANGU MACHO YALIPOGOMA. LAKINI

Basi. Nafasi ilikuwa imekwisha. Ni wazi mama aliendelea kwenye kikaratasi cha pili.

Jumatano asubuhi mzee alikisoma akiwa amesimama. Alikisoma tena. Alipofika kwenye neno la mwisho uso ulimbadilika, akaketi.

"Kwa hiyo alijua," alisema.

"Alijua nini, mzee?"

Mzee alikiweka kikaratasi mezani, akakinyoosha kwa kiganja. "Nilikuwa namdanganya. Miaka arobaini na sita ya ndoa sikumdanganya kwa lolote, ila hilo. Kulikuwa na kitabu kinachosimulia habari za mwalimu aliyekwenda kufundisha ng'ambo ya mto. Tulikipenda sana. Sasa siku moja tumetoka hospitali, madaktari wametuambia mambo yao, yeye akataka tuendelee na kitabu kama hakuna lililotokea. Nafungua sura, namkuta mwalimu ameshikwa na homa, anakata roho. Ulimi ukagoma. Ningemsomeaje mke wangu habari ya kufa, siku ile?"

"Ukafanyaje?"

"Nikamponya. Nikampa dawa, akaamka, akanywa maji. Tangu hapo ikabidi niendelee kutunga, maana kitabu chenyewe kilikuwa msibani na mimi huku nina mtu mzima wa afya. Mimi fundi saa, hata barua ya kuomba kazi niliandikiwa! Nikamwozesha mwalimu, nikamjengea nyumba, nikafunga kitabu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Mtu haoni, anakutegemea macho yako, nawe unamsomea yasiyokuwepo. Kama alikuja kujua, alikufa akiniona mwongo. Hiyo ndiyo 'lakini' yake."

Mama Gundi alitaka kumwambia kwamba sivyo, lakini angejuaje? Badala yake alimwambia lake. "Na mimi nina langu, mzee. Nilipovikata vile vikaratasi nilijua havijasomwa. Sikusahau. Nilikuwa na kinyongo. Kila mwaka naketi kule nyuma, hakuna hata mmoja anayenitaja. Nikasema basi na vyao vikae gizani kama mimi. Nisamehe."

Mzee aliweka kofia yake mezani. "Ungekuwa unashona vibaya kidogo," alisema, "wangekuona." Akavuta kiti mezani, akaomba koleo ya pili. Mikono yake ilikuwa imezeeka lakini haikutetemeka. Kazi ya kuinua vitu vidogo bila kuvivunja aliifanya maisha yake yote.

Kufikia Alhamisi jioni vitabu thelathini na vitatu vilivyokuwa rafuni vilikuwa vimefunguliwa vyote. Kikaratasi cha pili hakikuwemo. Vilivyobaki kumi na tisa vilikuwa nje, mikononi mwa wasomaji.

Mkuu alibandika tangazo mlangoni, na mlinzi, ambaye hakuwahi kuliamini tangazo la maandishi, alilitangaza kwa mdomo kwa kila aliyepita: mwenye kitabu chenye mgongo wa bluu akirudishe, kuna mzee anatafuta neno la mkewe. Mtaa mzima ukajua kabla ya saa tatu usiku. Ijumaa watu walianza kuingia. Dereva wa lori aliitoa riwaya yake chini ya kiti, ina harufu ya dizeli. Bibi mmoja alileta kitabu cha ufumaji na kumtaka Mama Gundi aape kwamba atarudishiwa, maana alikuwa ameishia mkono wa kushoto wa sweta. Wote walielekezwa chumba cha nyuma, wote walichungulia, wote walisema lile lile: "Kumbe huwa vinashonwa hapa?" Wengine walibaki kutazama. Dereva aliushikilia mgongo wa riwaya yake uliofunguliwa, nyuzi nje, akasema pole kana kwamba amemkuta mgonjwa kitandani.

Ijumaa jioni vilikuwa vimebaki viwili. Jumamosi saa tatu na nusu, ukumbi ukiwa umeshaanza kujaa, muuza matunda wa kona aliingia akihema na kitabu cha hadithi alichokuwa akimsomea mwanawe. Mama Gundi alikilowesha. Pembe ya ukanda iliponyanyuka aliona penseli nene. Hapo akafanya jambo moja gumu: alikibandua kikaratasi kikiwa kimeelekea chini, akakifunika kwa kitambaa kikavu, na hakukisoma.

Alimkuta mzee safu ya mbele, amevaa koti lililopigwa pasi.

"Kimepatikana," alimnong'oneza. "Sijakisoma. Twende chumbani kwangu ukisome peke yako."

Mzee alitia mkono mfukoni atoe miwani, akaitoa, akairudisha. "Alitaka isomwe hapa."

"Na kama ni…"

"Kama ni hivyo, basi ni hivyo. Nisomee wewe, binti yangu. Mimi sitaona herufi."

Mama Gundi hakuwahi kusimama mbele ya watu hata siku ya harusi yake mwenyewe, ambapo alisema ndiyo yake akiitazama sakafu. Mkuu alimsogezea meza ndogo, naye akaishika kwa mkono mmoja. Akasoma kwanza kikaratasi cha Jumanne, hadi kwenye lile neno la mwisho. Kisha akakigeuza cha pili, kingali na unyevu, herufi zimebanana hadi ukingoni, akasoma kama kilivyomjia:

"Yule mwalimu hufa. Nilikisoma kitabu kile nikiwa msichana, nikalia siku mbili. Mume wangu kamponya. Hilo ndilo namshukuru zaidi."

Hakuna aliyepiga makofi. Watu hawakujua mwalimu ni nani, ila walimwona mzee ameshika mdomo kwa mikono miwili, mabega yanaruka, na kwa muda hawakujua kama analia au la. Kisha sauti ikamtoka, na ilikuwa kicheko, kicheko chenye machozi tele.

"Alikuwa ananiuliza maswali!" alisema, akigeuka kuwaambia watu wote. "Kila jioni! Mwalimu ameamkaje leo? Amekula nini? Mchumba wake ni mrefu au mfupi? Mimi natoka jasho natafuta majibu, kumbe mwenzangu anajua kila kitu, ananichokoza!"

Ukumbi ukacheka naye, na muuza matunda akalia waziwazi bila kujificha. Mama Gundi alikunja kikaratasi ili ampe mwenyewe na arudi safu yake ya nyuma.

"Bado," mzee alisema. "Rudia."

"Chote?"

"Hapo pa 'kamponya.' Rudia kwa sauti, na wa mlangoni wasikie."

Akakikunjua tena. Akaiachia meza, akakishika kwa mikono miwili, akasoma.